Daftari la mauzo halimkumbuki mteja uliyemrudisha

Juzi dada mmoja wa mtaa wa Katuba aliniandikia: "Yaya (ndivyo tunavyomwita dada mkubwa huku kwetu), mwezi wa nane unakaribia. Nichukue mafundi wangapi wa kushona sare?" Nilitabasamu, kisha nikanyamaza, kwa sababu swali hilo mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya, na jibu langu lilinipotezea shule nzima.

Karakana yangu iko katika mtaa uitwao Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Mwaka 2019 nilikuwa na mafundi sita. Nilifungua daftari la mwaka uliotangulia, nikaona kwamba mwezi wa nane tuliuza sare 170, nikaamua kuwa sita wanatosha, na nikajiona mwanamke mwenye hesabu. Sikujiuliza kwa nini zilikuwa 170 wala si 250. Mafundi sita hawangeweza kushona zaidi ya hapo! Daftari lilinionyesha uwezo wa mikono yetu, nami nikadhani linanionyesha haja ya wateja.

Mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019 ndio ambao serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma. Mzazi aliyekuwa akimsomesha mtoto mmoja alikuja na watatu, wote wakitaka shati jeupe na kaptula au sketi ya buluu. Mkuu wa shule moja, aliyekuwa ameniagizia sare 60, alifika Jumamosi asubuhi akatukuta tumeketi sakafuni tukishona vifungo kwa mkono, huku mashati yasiyo na kola yamerundikwa juu ya cherehani. Hakupaza sauti. Aliomba avansi yake, yaani malipo ya awali, akaihesabu noti kwa noti mbele ya wateja. Hata leo nikimwona barabarani ninavuka upande wa pili.

Tangu hapo ninahesabu saa, si mauzo. Sare moja hula saa tano. Fundi hushinda karakanani saa tisa, lakini mimi huhesabu sita tu, maana umeme hukatika, sindano huvunjika, na watu huenda misibani. Kwa siku sita za juma, fundi mmoja hunipa saa 36.

Sasa, wazazi wetu hungoja mshahara wa mwisho wa mwezi. Nikitarajia sare 300, zipatazo 180 huombwa katika majuma mawili ya mwisho: hizo ni saa 900, yaani mafundi 13. Anayegawanya mwezi kwa usawa ataona 11 na kulala usingizi mzuri, mpaka juma la tatu. Dawa yangu ni kukata vitambaa na kuandaa kola na mikanda tangu Julai, kwa vipimo vinavyojulikana. Sare ikibakiza saa tatu, zile 180 zinahitaji mafundi wanane tu.

Hata hivyo mimi huweka tisa: sita wangu na watatu wa vibarua. Mume wangu aliita huo ubadhirifu. Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 hesabu zake kuhusu jinsi simu zinavyoingia bila mpangilio, na elimu ya foleni iliyoanzia hapo inaonyesha kwamba wahudumu wakikosa kabisa nafasi ya kupumua, foleni hairefuki kidogo kidogo, bali hufura. Fundi wa tisa akikaa saa moja bila kazi, saa hiyo nimeinunua kwa makusudi. Mwaka jana tulikabidhi sare 290 kabla ya shule kufunguliwa, na mume wangu hajaongeza neno.

Ndugu zangu, andikeni! Andikeni aliyenunua, na andikeni zaidi aliyeondoka mikono mitupu. Msiniambie kwamba hamna muda, ilhali muda wa kulalamika kuwa biashara ni ngumu mnao. Asiyeandika anaajiri kwa kubahatisha, kisha anawalaumu mafundi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Katuba, siwezi kukupa idadi kabla hujaniambia uliwarudisha wangapi mwaka jana. Mimi daftari langu la pili, la walioondoka mikono mitupu, linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, penseli imefungwa kwa uzi. Jana lilipata watu wanne: wawili walitaka sketi za siku hiyo hiyo, mmoja alikuta tumefunga, na wa nne aliitazama foleni tu akaondoka.