Barua kwa mwanangu: ndiyo, aplai

Mwanangu kipenzi,

Meseji yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeniuliza, mama, kwa hali ilivyo sasa hapa Marekani kuna maana gani binti wa Kilatina mwenye mama Mswahili kuaplai chuo cha sheria, wakati mikopo inabanwa na korti imeshasema asili ya mtu isipewe uzito, si bora nitafute kazi tu. Jibu langu ni aplai, tena mwaka huu. Ila kwenye hela nina masharti, nitayasema huko chini.

Kwanza huyo mshauri wa chuo aliyekwambia usomee usaidizi wa wakili ndo utakufaa zaidi. Kauli ile imeniuma. Kazi yenyewe ni nzuri na watu wanaishi nayo vizuri, lakini wewe hukumuuliza hilo, yeye kakuangalia tu akaamua. Hapa hapa San Antonio, Texas, alizaliwa wakili Vilma Martínez mwaka 1943, na alipokuwa shule mshauri wake naye alitaka kumsukumia masomo ya ufundi, hakukubali, akaenda zake hadi Columbia akamaliza sheria 1967, na 1973 akaanza kuongoza MALDEF, shirika la kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Meksiko lililoanzishwa hapa hapa mjini kwetu 1968. Wakati wa uongozi wake ndo MALDEF wakaibeba kesi ya watoto wa mji wa Tyler, huku huku Texas, inaitwa Plyler v. Doe, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu 1982. Texas ilikuwa inataka watoto wasio na karatasi wafungiwe milango ya shule za umma au walipe ada, korti ikasema hapana. Wewe unawajua ndugu wa upande wa baba yako waliosoma kwa sababu ya kesi ile, huhitaji nikutajie.

Halafu angalia hali ilivyo leo. Katika kila watu watano nchi hii karibu mmoja ni Mlatino, lakini katika mawakili mia ni kama sita tu, na wanawake kati yao ni wachache zaidi. Na kwenye korti ya uhamiaji serikali haimpi mtu wakili, awe bibi kizee awe mtoto, kama huna hela unasimama mwenyewe mbele ya jaji na wakili wa serikali kakaa upande wa pili. Wewe tangu mdogo umekuwa ukimsomea bibi yako makaratasi ya serikali na kumtafsiria hospitali, unajua mtu anavyotetemeka akiwa haelewi anachosainishwa. Hiyo huwezi kufundishwa darasani, mama.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2023 ni kweli imebadilisha mambo, chuo hakiruhusiwi tena kukuongezea uzito kwa kuwa wewe Mlatina. Jaji Sonia Sotomayor aliipinga, na huyu ni binti wa Bronx kule New York, wazazi wake wa Puerto Rico, baba kafariki yeye ana miaka 9, mama nesi, akafika Princeton na Yale, na 2009 akawa Mlatina wa kwanza kwenye Mahakama ya Juu. Lakini hukumu ile ile imeacha wazi kwamba mwombaji anaweza kueleza maisha yake yalivyoguswa na asili yake, na chuo kikaangalia anacholeta. Kwa hiyo kwenye insha usiseme tu mimi Mlatina, eleza ulichofanya, eleza hao wanaokwambia hufanani na Mlatina kwa sababu ya nywele na rangi uliyochukua kwangu. Usikate upande mmoja ili uwafurahishe, wewe ni vyote viwili. Na ujue Texas imezifunga zile ofisi za kusaidia wanafunzi kama nyie kwenye vyuo vya umma tangu Januari 2024, kwa hiyo msaada utautafuta nje, kwa mfano Hispanic National Bar Association, chama cha mawakili Walatino, wapo tangu 1972, waandikie, mawakili wakubwa huwa wanapenda kusaidia mtoto anayeuliza.

Sasa hela. Hapa ndo nataka unisikilize. Mkopo wa serikali wa Grad PLUS, uliokuwa unaziba pengo lote la ada, wanaoanza kuanzia Julai 1, 2026 hawaupati, serikali inaishia dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 jumla. Kuna vyuo ada na kuishi mwaka mmoja inapita laki moja, na pengo hilo benki binafsi ndo wanalisubiri. Sharti langu ni hilo, mkopo wa benki binafsi usisaini, hata jina la chuo liwe kubwa vipi. Alama ya LSAT, ule mtihani wa kuingilia chuo cha sheria, ndo inaleta skolashipu, inaanzia 120 mpaka 180, na pointi chache tu zinaweza kukuokolea maelfu, kwa hiyo ni heri uahirishe mtihani miezi michache kuliko kuufanya hujaiva. Ile sehemu ya mafumbo ya kupanga uliyokuwa unaiogopa waliitoa Agosti 2024. Skolashipu ikija, soma kama ina sharti la wastani fulani wa alama, maana wengine wanaipoteza baada ya mwaka wa kwanza wakiwa wameshanasa. Vyuo vinalazimika kutangaza wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa skolashipu, na wangapi wanafaulu mtihani wa uwakili, tafuta hizo takwimu kabla ya kuangalia picha za majengo.

St. Mary's nayo ina chuo cha sheria, ipo hapa mjini, chumba chako kipo, chakula kipo, usione aibu kusomea nyumbani.

Ombi la kusamehewa ada lipeleke wiki hii kwa LSAC, wale wanaoendesha LSAT, kabla hujalipia kitu, maana ukishalipa hawarudishi. Insha ikiwa tayari nitumie hata kama haijanyooka, nikitoka zamu naisoma.

Mama yako