Ukiiangalia Nyumbani, Isimamishe Pale Mlangoni

DVD aliniletea binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Marekani, na deki yetu ikaitema. Kumbe diski za kule hutengenezwa kwa kanda ya 1, na deki zinazotengenezwa kwa ajili ya huku kwetu ni za kanda ya 5. Kijana wa jirani akaja na kompyuta yake, tukaiunganisha na runinga. Nayasema haya mapema ili nawe usije ukajaza watu sebuleni, chai imeshachemka, ndipo ugundue diski haisomi.

Filamu yenyewe ni Sound of Freedom, inayohusu watoto wanaouzwa. Ilipigwa 2018, ikakaa kabatini miaka, ikaingia kwenye kumbi za Marekani 4 Julai 2023, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshafika majumbani. Ameiongoza Alejandro Monteverde, na Jim Caviezel, yuleyule tuliyemzoea akiigiza kama Yesu, humu ni ofisa wa serikali ya Marekani anayewafuata watoto hadi Colombia.

Jumuiya yetu tulipanga kuiangalia jioni ya 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, ambayo tangu 2015 Kanisa Katoliki limeifanya siku ya kuwaombea watu wanaosafirishwa na kuuzwa. Niliiangalia peke yangu kwanza, na nakuomba nawe ufanye hivyo. Huonyeshwi mtoto akifanyiwa unyama, lakini unaelewa kinachotokea nyuma ya pazia, na mwanzoni kuna picha za kamera za mitaani watoto wakinyakuliwa. Marekani wameiwekea alama ya tahadhari kwa walio chini ya miaka 13. Wanangu walikuwa na 7 na 11. Jioni ile walilala kwa bibi yao mdogo.

Hao niliwasimulia habari za Bakhita mwenyewe. Alikuwa binti mdogo huko Darfur, karne ya 19, wanaume wawili wakamtuma akawachukulie furushi porini, naye akaenda kwa sababu alikuwa na adabu. Jina alilopewa na wazazi alikuja kulisahau kabisa. Hilo la Bakhita walimpa watekaji, na lina mzizi mmoja na bahati yetu. Mwanangu mkubwa akauliza: “Sasa mama, nikitumwa na mtu mzima nikatae?” Nilimjibu kwamba akitumwa na asiyemjua, arudi kwanza nyumbani aseme. Atakayeona amekosewa heshima aje anidai mimi.

Turudi sebuleni. Filamu inaanzia Honduras. Mwanamke nadhifu, aliyewahi kuwa mrembo wa mashindano, anakuja kwa baba mmoja na kumwambia binti yake ana kipaji. Baba anawapeleka watoto wake wawili, wa kike na wa kiume. Mlangoni anaambiwa wazazi hawaruhusiwi kukaa, arudi jioni. Jioni anarudi, chumba ni kitupu.

Pale mlangoni nikaisimamisha. Baba yule ameganda kwenye skrini. Nikauliza: “Jamani, huyu baba angeuliza nini?”

Kimya. Mmoja akasema, lakini huyo mama amevaa vizuri, anaongea vizuri, ungemshuku vipi? Mwingine akasema angeomba namba ya simu. Mama mkwe wangu, ambaye muda wote nilidhani amesinzia, akasema: “Angemuuliza analala wapi. Nyumba gani, jirani yake nani. Halafu aende akaone.” Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Hapo tulikaa karibu nusu saa. Sehemu ya kule kisiwani, mtego na uokoaji, inasisimua kweli, lakini haikunifundisha kitu ninachoweza kukifanya mtaani kwangu. Mlango ule ninao. Tena nimewahi kukaa upande wake wa ndani.

Mwaka 2016 nilipojifungua mtoto wa pili nilitafuta dada wa kazi. Mwanamke mmoja wa sokoni, sote tukimwita shangazi, akaniletea binti kutoka kijijini. Akasema ana miaka 16. Nikampa shangazi nauli na hela ya soda. Binti alikuja na mfuko wa rambo: gauni moja, kanga, na daftari la hesabu. Nililifungua. Darasa la tano, na tarehe ya mwisho ilikuwa ya mwezi uliopita, na vyema vyekundu vya mwalimu. Nikalifunga, nikaliweka juu ya kabati.

Nilikuwa na mtoto mchanga na kidonda cha upasuaji. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Mwezi wa nne mama yake akapata namba yangu. Baada ya salamu, swali lake la kwanza lilikuwa: “Huko anasoma darasa la ngapi?” Alikuwa na miaka 12. Shangazi alimwambia nitamsomesha, mimi akaniambia ameshamaliza shule. Nilimrudisha mwenyewe kwa basi, na mshahara wake wote. Hilo usinisifie.

Hadithi hii niliisimulia mbele ya jumuiya kwa mara ya kwanza jioni ile, sauti ikinitetemeka, maana nusu ya waliokuwepo nao walipata wasichana kwa shangazi yuleyule.

Basi ukiandaa jioni kama hii, usiwaache watu waondoke na leso zimelowa tu. Waambie hapa Tanzania Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mtoto awe na miaka 14 ndipo afanye hata kazi nyepesi, tena isiyomtoa shuleni. Waambie nchi ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008. Na waambie lile ambalo wengi hawalijui: chini ya Itifaki ya Palermo ya 2000, ya Umoja wa Mataifa dhidi ya biashara ya watu, aliye chini ya miaka 18 akichukuliwa ili anyonywe, si lazima awe alilazimishwa wala kudanganywa ndipo ihesabiwe usafirishaji haramu. Hata akikubali mwenyewe, hata mzazi akitoa baraka. Namba 116 ni ya bure, ni ya huduma kwa mtoto. Nilimwomba kila mmoja aihifadhi kwenye simu yake palepale, na wawili niliwaandikia mwenyewe. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na halmashauri kuna ofisa ustawi wa jamii.

Wiki tatu baadaye mama mmoja wa jumuiya akanipigia akiwa kijijini kwao. Amekuja dada mmoja kumchukua mpwa wake, anapelekwa Dar kufundishwa ushonaji. Mama akamwomba kitambulisho chake cha NIDA akipige picha, jina la mtaa, na namba ya mwenyekiti wa mtaa huo. Yule dada akasema hakuna shida, ngoja akaongeze vocha awapigie.

“Toka asubuhi,” mama akaniambia, “hajarudi na vocha yake.”