Swichi ya Pili Ipimwe kwa Mzigo Halisi

Anayetunza hifadhi ya data yenye kontrola mbili (vidhibiti vya diski) na swichi mbili za mtandao huamini kwamba swichi moja ikizimika, nyingine itapokea kazi yote. Nami niliamini hivyo hadi usiku tulipozima swichi ya kwanza kwa ajili ya matengenezo, seva zetu tatu zikaganda na hifadhidata ikaacha kuandika. Kilichotupotezea muda zaidi ni kwamba kila tulipopiga ping, yaani ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu, kuelekea hifadhi, majibu yalirudi papo hapo, nasi tukaanza kuchunguza diski ambazo hazikuwa na hitilafu yoyote.

Hitilafu ilikuwa katika ukubwa wa fremu, yaani vifurushi vinavyobeba data mtandaoni. Seva, hifadhi na swichi ya kwanza zilipangiwa baiti 9000, lakini swichi ya pili ilibaki na 1500 za kiwandani. Ping ya kawaida katika Linux hubeba baiti 56 tu za data, hivyo ilipita bila shida. Hata seva zilifanikiwa kujitambulisha kwa hifadhi kupitia iSCSI, itifaki ya kufikia diski kwa njia ya mtandao, kwenye poti 3260, kwa sababu ujumbe wa kujitambulisha ni mfupi. Data nzito ilipoanza kupita, swichi ilizitupa fremu kubwa kimyakimya, na mtumaji hakupata taarifa yoyote ya kumweleza kwamba mzigo wake umezidi kipimo. Tangu siku hiyo mimi hutumia amri ping -M do -s 8972, inayokataza pakiti kugawanywa: baiti hizo 8972, pamoja na 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP, itifaki inayobeba ping, hutimiza 9000. Huirudia kutoka kila kadi ya mtandao ya kila seva kuelekea kila poti ya hifadhi, hata kazi hiyo ikichukua saa nzima.

Kisha tazama muda wa kusubiri. Kwa mpangilio wake wa awali, open-iscsi, programu ya Linux inayounganisha seva na hifadhi ya iSCSI, husubiri sekunde 120 kabla ya kukiri kwamba njia imekufa, na kwa hifadhidata yenye shughuli nyingi huo ni muda mrefu mno. Palipo na dm-multipath, yaani mfumo wa Linux wa kufikia hifadhi moja kwa njia kadhaa, mimi hupunguza muda huo, uitwao replacement_timeout, hadi sekunde 15. Kumbuka kwamba kubadilisha faili la mipangilio la iscsid.conf hakugusi hifadhi zilizokwisha kusajiliwa kwenye seva. Rekodi za hifadhi hizo lazima zisahihishwe kwa amri ya iscsiadm.

Swichi inaporejea pia huleta matatizo. Poti inayoendeshwa na STP ya zamani, itifaki ya kuzuia data kuzunguka bila kikomo mtandaoni, huonekana imewaka, lakini hukaa takriban sekunde 30 kabla ya kupitisha data, na seva iliyounganisha kadi zake kwa bondi, yaani zifanye kazi kama kadi moja, huweza kurudi kwenye njia hiyo mapema mno. Poti zote za seva na hifadhi zipangwe kuwa za ukingoni (edge), ili zipitishe data bila kusubiri hivyo.

Mawasiliano ya kontrola zenyewe kwa zenyewe yasitegemee swichi moja, na pawepo shahidi wa tatu wa kupiga kura, ili zikipotezana kila moja isijidhanie kuwa ndiyo pekee iliyo hai.

Jaribio lifanyike wakati data inaandikwa. Zima swichi ya kwanza kwa dakika tano, iwashe, kisha usubiri hadi amri multipath -ll ioneshe kwamba njia zote ziko hai. Ndipo uzime ya pili.