Muulize Bi Fundi: Pawa saplai ya wati ngapi inanitosha?

SWALI: Assalaamu alaykum Bi Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba, kazi yangu kupiga video za harusi na kuzihariri. Laptopu yangu imechoka. Nikiipa video ya saa mbili inakesha nayo. Nimeamua kuunga kompyuta ya mezani. Nimeshanunua prosesa ya Core i5-12400F, mazabodi, ramu ya GB 32, SSD moja, hardi diski kubwa ya kuwekea harusi za watu, na kadi ya picha ya RTX 3060 ya GB 12. Imebaki pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, na hapo ndipo nilipokwama. Duka la kwanza la Unguja wameniambia bila ya wati 850 nisijisumbue. Duka la pili wanayo ya wati 600, bei yake thuluthi ya ile, na ina taa za rangi. Kaka yangu, ambaye ndiye anayelipa umeme hapa nyumbani, anasema nikileta hiyo ya 850 itamaliza Tukuza (umeme wa kulipia kabla) kabla ya nusu mwezi. Nimsikilize nani?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, marahaba mwanangu. Tuanze na kaka, maana mwenye mita hachezewi. Mwambie wati zilizoandikwa kwenye pawa saplai ni mwisho wa uwezo wake. Haivuti zote kwa sababu zimeandikwa. Inavuta zile zinazotakiwa na vilivyomo ndani ya kasha, na kidogo inayopotea kwa joto. Kompyuta inayotaka wati 100 wakati unaandika barua itavuta mia na ushei, iwe imefungwa pawa saplai ya 550 au ya 850. Kwa hilo kaka amekosea, lakini kwa nia njema.

Sasa tupige hesabu ya mashine yako, kwani wauzaji wote wawili hawakuipiga. Prosesa yako imeandikwa wati 65, ila Intel wenyewe wanasema ikikazana hufika 117. Chukua hiyo 117, kwa sababu kutoa video, yaani kuigeuza iwe faili la mwisho, ndiko kukazana kwenyewe. Kadi ya RTX 3060 ni wati 170. Mazabodi, ramu, diski zote mbili na mafeni, mimi huvipa 60 kwa pamoja na huwa sijuti. Jumla ni kama wati 350, tena hapo ni pale kila kitu kinapovuja jasho kwa wakati mmoja, jambo ambalo si la kila saa. Nvidia kwa kadi hiyo wanapendekeza pawa saplai ya wati 550. Kwa hiyo 850 si kosa, ni kununua tu usichokihitaji, na muuzaji hakukutakia ubaya zaidi ya kutaka kuuza.

Ukisoma hapo utasema, basi ile ya 600 yenye taa inanifaa, inapita 550. Subiri kwanza.

Igeuze ubavuni. Kila pawa saplai ina lebo yenye jedwali dogo, na jedwali hilo ndilo la kusoma. Maandishi makubwa ya boksi waachie wapambaji. Kompyuta za siku hizi karibu mzigo wote, prosesa na kadi ya picha, unabebwa na njia ya volti 12, zile waya za manjano. Tafuta safu iliyoandikwa +12V, tazama ina ampea ngapi, zidisha kwa 12. Hizo ndizo wati utakazotumia.

Juzi mteja aliniletea hapa kibandani Mwanakwerekwe moja ya aina hiyo, ina "600W" kwa wino wa dhahabu. Nikamsomea lebo yake mwenyewe: volti 3.3 ampea 20, hiyo wati 66. Volti 5 ampea 25, wati 125. Volti 12 ampea 18, wati 216. Vile vijinjia vidogo viwili vilivyobaki ni wati 10 na wati 6. Jumlisha zote unapata 423. Hizo 177 zilizobaki zimetengenezwa na kiwanda cha maboksi. Na hata hizo 423 si zako, kwa sababu volti 3.3 na volti 5 mashine yako inazigusa kidogo tu. Zako ni 216. Wewe unataka kama 350, na nyingi katika hizo ni za volti 12. Siku ya kwanza utakapotoa video ya bibi harusi na muziki wake, kompyuta itazima katikati. Na kuzima ndiyo heri, kwa maana mbaya zaidi ni ile isiyojua kuzima.

Sasa chukua ya wati 550 ya kampuni inayojiheshimu, soma safu ile ile. Utakuta ampea 45 hivi. Mara 12, wati 540. Yaani karibu wati zote za boksi unazipata pale unapozihitaji. Huo ndio mtihani, na haukugharimu kitu. Kuna mtihani mwingine wa fundi asiye na muda: ishike mkononi. Nzuri ina uzito, kwa sababu ndani mna koili na kapasita za kweli na vipande vya bati vya kupoza joto. Ile ya mteja wangu ilikuwa nyepesi mpaka waya zilikuwa nzito kuliko kasha lake. Uzito peke yake si ushahidi, lakini wepesi ni ushahidi wa kutosha.

Utauliza, kama mzigo ni 350, kwa nini nisikuambie 400 ya kampuni nzuri? Nina sababu zangu, na nyingine ni za huku kwetu.

Kwanza kadi za picha hazivuti umeme kwa utulivu. Zina vishindo vya ghafla vya sehemu ndogo ya sekunde ambavyo vinapita sana ile namba iliyoandikwa. Mafundi wengi tulianza kulijua hilo vizuri baada ya kadi za RTX 3000 kutoka mwaka 2020, watu wakileta mashine zinazozima na hesabu kwenye karatasi iko sawa kabisa. Mwaka 2022 Intel wakatoa kanuni ya ATX 3.0 inayotaka pawa saplai istahamili vishindo vya hadi mara mbili ya wati zake kwa muda mfupi sana. Ukiipata yenye alama hiyo ni vyema; usipoipata, nafasi ya ziada inakulinda.

Pili joto. Kampuni nzuri huandika kwamba wati zake zinapatikana zote kwenye joto la nyuzi 40 au 50. Za mashaka zimepimwa kwenye nyuzi 25, au hazikupimwa. Wakati wa kaskazi, chumba chako cha Wete kikiwa na nyuzi 32 na dirisha halina upepo, ndani ya kasha la kompyuta ni zaidi ya 40 bila ubishi. Nyuzi 25 huku kwetu uzitafute kwenye duka la dawa.

Tatu, na hili wauzaji hawalisemi, ni umeme unaopepesa. Unajua ule mtindo: taa inafumba jicho, inafumbua, na hakuna kilichozimika ila kompyuta. Pawa saplai iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni inatakiwa ihimili mwanya wa kama milisekunde 16 au 17 kwa umeme uliobaki ndani ya kapasita yake kubwa. Muda huo umehesabiwa ikiwa imebeba mzigo kamili au karibu na kamili. Ukiibebesha nusu ya uwezo wake, kapasita ile ile inakaa takriban mara mbili ya muda huo. Pemba mnaletewa umeme kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na mambo si kama zamani, lakini kupepesa kupo. (Sisi wa Unguja hatuna la kuwacheka. Aliyekuwepo mjini Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu gizani, anajua vijenereta vilivyotuunguzia vitu. Mimi kufungua pawa saplai nilijifunzia hapo, kwa kuwa zilikuwa zinaletwa kwa mafurushi.)

Kwa hiyo nunua ya wati 550, au 650 kama tofauti ya bei ni ndogo na unafikiri mbele utabadili kadi. Iwe na alama ya ufanisi ya 80 Plus, Bronze inatosha, Gold ni bora. Hapo ndipo pa kumfurahisha kaka: kwa mzigo wa wati 350, pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta ukutani kama 389, na yenye asilimia 80 itavuta kama 438. Ukihariri saa tano kwa siku, tofauti hiyo ni karibu robo yuniti kila siku. Si mali ya kujengea nyumba, lakini Tukuza inahesabu.

Mambo mawili ya haraka. Ukinunua ile ya waya za kuchomoa, usichukue waya za pawa saplai nyingine hata kama zinaingia tundu moja. Mpangilio wa ndani hutofautiana na utaunguza diski zenye harusi za watu. Na soketi yako iwe na ethi ya kweli, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Kama kasha linakutekenya vidole ukiligusa nawe umekanyaga sakafu ya saruji peku, pawa saplai si mbovu: ethi haipo. Mwite fundi umeme, usivae kandambili ukadhani umemaliza.

SWALI: Bi Fundi, nina UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ya 650VA nyumbani Jang'ombe. Mwanangu ameweka kompyuta ya gemu ya wati 350 hivi. Itaibeba?

JIBU: VA si wati, dada yangu. UPS nyingi za 650VA zinatoa wati 360 au 390 tu. Tazama nyuma pameandikwa W. Ukiongeza skrini umefika ukingoni, na umeme ukikatika mwanao yumo ndani ya gemu itapiga kelele na kuzima naye. Tafuta ya 1000VA au zaidi, au mwambie asimamishe gemu mara UPS inapolia.

SWALI: Nina Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, ile ya kasha refu. Nataka kuitia GTX 1660 Super. Niko Mkoani.

JIBU: Haitaki, bwana. Pawa saplai yake ni ya wati 290 na haina waya wa kulisha kadi, wakati 1660 Super ni wati 125 na inautaka waya huo. Usifikiri utabadilisha pawa saplai kirahisi: mazabodi yake inatumia plagi ya pini 8 badala ya zile 24 za kawaida, utahitaji kiungio cha kati. Chukua GTX 1650, wati 75, inayolishwa na tundu la mazabodi pekee. Kabla hujalipa mwambie muuzaji aigeuze uone ukingo wake wa juu, kwa sababu zipo GTX 1650 zenye tundu la pini 6, na hizo mrudishie.