Kaka afichwe siku ya posa?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi binti wa miaka 26, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, baba alishafariki tumebaki mama, mimi na kaka yangu mkubwa mwenye mtindio wa ubongo, anatumia kiti cha magurudumu, anaongea taratibu sana na mate yanamtoka. Mchumba wangu wa Singida anajua nina kaka "anaumwa" basi, hajawahi kumuona. Washenga wanakuja mwezi ujao na mama kasema siku hiyo kaka apelekwe kwa mama mdogo Kibaigwa, wasije wakasema ukoo una mkosi. Ukweli mama aliposema vile nilijisikia afadhali, halafu usiku sikulala. Huyu kaka ndo alikuwa anauza karanga na vocha hapo kibarazani ananipa nauli ya shule. Nyumbani najivunia naye, ila nikimsukuma barabarani watu wakatukodolea macho natamani ardhi ipasuke. Nifanyeje? Na nikihamia Singida nani atamsaidia kibiashara chake?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huo mkosi maana ndo unaowatisha. Mtindio unatokana na ubongo kuumia mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, mfano kakosa hewa, kapata manjano kali au homa ya uti wa mgongo, na kwa wengi sio kitu cha kurithi. Muulize mama kwa upole kaka alizaliwaje, nahisi hajawahi kuulizwa hivyo, kabeba tu maneno ya majirani miaka yote. Na mate ni misuli ya kumeza haitii, sio akili, mtu anayerudisha chenji sawasawa akili anazo (wazima wanaotupunja pale soko la Majengo tunawajua).

Sasa posa. Barua atapokea baba mdogo sawa, lakini kaka mkubwa ana nafasi yake pale na washenga wenyewe watauliza kaka wa binti yuko wapi. Mtasema kasafiri? Na siku ya mahari je, na ya harusi? Mwambie mchumba wiki hii, wewe mwenyewe sio mshenga, taja mtindio wa ubongo kwa jina lake sio "anaumwa", halafu aje akae hapo kibarazani anunue karanga kabla wazee hawajapanda basi. Akighairi kwa hilo bora aghairi sasa.

Aibu ya barabarani sikulaumu, umekua ukikodolewa macho tangu mdogo, ila kumpeleka kaka Kibaigwa ni kumlipisha yeye deni la hao wanaokodoa. Tena kuna mtu hamjamuuliza kabisa, kaka mwenyewe! Pengine hataki kushinda na wageni kutwa nzima, sawa, aseme yeye. Akitaka kukaa muulize anavaa nini na nani amsaidie kula, wengine hawapendi kulishwa mbele za watu. Mama akikaza pitia kwa baba mdogo, shemeji yake atamsikiliza.

Kibiashara: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu, mpeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata aulize masharti. Ila mkopo hausukumi kiti, itabidi apatikane kijana hapo mtaani wa kufungua na kufunga umtumie chochote kila mwezi, na kaka ndo amchague.