Goti la mama limesagika: je, afanyiwe MRI?

Mkuu, umesema mama yako ana miaka 62, eksirei imeonyesha nafasi kati ya mifupa ya goti imepungua, na mtu amewaambia kuwa bila MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) hamtajua gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, limelika kiasi gani. Unauliza kama muuze mbuzi mpate hela ya kipimo. Nakujibu kwa niliyoyapitia na mama yangu wa Mpwapwa, aliyepalilia karanga tangu usichana wake mpaka magoti yakagoma.

Alichowaambia kuhusu uwezo wa kipimo ni kweli tupu. Eksirei haioni gegedu. Inaona mifupa, na daktari anakadiria gegedu kwa kutazama mfupa wa paja na wa muundi vimekaribiana vipi. Ndiyo maana picha inatakiwa ipigwe mgonjwa kasimama, goti limebeba uzito. Ya kwanza ya mama ilipigwa kalala, nafasi ikaonekana nzuri tu. Alipopigwa kasimama, upande wa ndani mifupa ilikuwa inakaribia kugusana! Hilo liulizeni kwanza, maana eksirei nyingine haifikii hata robo ya gharama ya MRI.

MRI haina mionzi. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio kusoma maji ya mwilini, na gegedu sehemu yake kubwa ni maji, kwa hiyo linaonekana lenyewe. Daktari alinigeuzia kompyuta nione: utepe mwembamba wa kijivu juu ya mfupa, upande wa nje laini na mzima, upande wa ndani umechakaa, kisha mahali fulani haupo kabisa, mfupa uko wazi. Hiyo huitwa daraja la 4. Daraja 0 ni gegedu zima. Chini ya pale palipo wazi, ndani ya mfupa, kulikuwa na wingu jeupe. Hapo ndipo alipokaa muda mrefu kunieleza. Gegedu halina neva, kwa hiyo halilii lenyewe. Maumivu mengi yanatoka kwenye mfupa ulioelemewa kama pale penye wingu, na kwenye utando wa ndani ya kiungo ukivimba.

Lakini mama hakupelekwa MRI ili apewe daraja. Goti lilikuwa linanasa: anainuka kwenye kigoda, linakwama limekunjika, mpaka alishike kwa mikono miwili alitikise ndipo linyooke. Daktari wa mifupa alitaka kujua kama kuna kipande kinachoelea ndani. Hakikuwepo. Matibabu yakawa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito, fimbo mkono wa upande wa goti zima, na dawa ya maumivu ya kupaka. Kwa mzee ambaye goti halinasi, matibabu ya kuanzia ni hayo hayo, MRI iwepo isiwepo.

Na picha inaweza kuwatisha bure. Utafiti wa Framingham kule Marekani, uliochapishwa 2012, uliwapima kwa MRI watu 710 waliozidi miaka 50 ambao eksirei zao hazikuonyesha goti kusagika. Asilimia 89 walikutwa na kasoro angalau moja gotini, na wengi wao hawakuwa na maumivu yoyote. Ndiyo maana ripoti ikisema pedi ya goti (kile kipande cha kati ya mifupa kinachopunguza mshindo) imechanika, msikimbilie upasuaji wa kuingiza kamera na kusafisha; kwa magoti yaliyochakaa kwa umri, majaribio yameonyesha haushindi mazoezi.

Kwa hiyo mimi mbuzi ningemwacha zizini kwanza, isipokuwa goti linanasa, aliumia kwa kuanguka, maumivu yanamwamsha usiku, au yamepanda ghafla. Goti likiwa jekundu, la moto, na ana homa, msisubiri kipimo chochote, hospitali siku hiyo hiyo.

Mkiamua kwenda, hapa Dodoma MRI ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ulizeni mapema kama bima yake inagusa. Kama amewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo au ana chuma chochote mwilini, semeni kabla hajaingia. Mashine inagonga kwa kelele, atapewa vya kuziba masikio, na atatakiwa kutulia kama nusu saa. Dai CD ya picha pamoja na ripoti, usiondoke na karatasi peke yake.

Tuambie, linanasa au linauma tu akitembea?