Swali la lugha: Insulini "huingia" kwenye seli?

Muuguzi mmoja wa Tanga ametuandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Kliniki yetu ya kisukari inaandaa bango la Kiswahili. Nimeandika: 'Insulini huingia kwenye seli ikiwa imebeba sukari, kupitia njia ya ishara.' Mwenzangu amelikataa neno 'huingia', na anashikilia kuwa si 'kipokezi' bali ni 'kipokeo'. Nani yuko sahihi? Na je, ni sawa kusema seli 'zinawasiliana'?"

Marahaba, dada. Kwenye "huingia" mwenzako amekushinda, ingawa sarufi yako haina kasoro. Sentensi imenyooka, ila inaeleza jambo ambalo mwilini halitokei. Insulini ikitoka kwenye kongosho husafiri na damu hadi kwenye msuli, ikashikana na kipokezi, yaani protini ya kupokea ujumbe, kilichojitokeza nje ya utando wa seli. Kipokezi kikishashikwa, sehemu yake iliyo ndani huamka na kuzibandika fosfeti protini za jirani. Hizo nazo huziamsha nyingine, mpaka vifuko vyenye vibebaji vya glukosi, vilivyokuwa vimetulia ndani ya seli, visogee na kuungana na utando. Vibebaji hivyo ndivyo vinavyoipitisha sukari. Insulini haikubeba hata punje. Baadaye seli huimeza insulini pamoja na kipokezi chake na kuivunjavunja, lakini wakati huo ujumbe umeshafika zamani.

Hata hivyo usilifute neno "huingia" katika msamiati wako. Kotisoli na estrojeni hupenya utando wa seli na kukutana na vipokezi vilivyomo ndani, kisha huathiri jeni zipi zifanye kazi. Kwa homoni za namna hiyo andika "huingia" bila hofu.

Linalonisumbua zaidi ni "njia ya ishara". Wataalamu wanalitumia, nami siwezi kuliita kosa. Lakini mgonjwa wako anaijua njia ya mkojo, njia ya hewa na njia ya uzazi, na zote hizo ni mahali penye uwazi ambapo kitu kinapita. Akisoma "njia ya ishara" atawaza mrija, na mrija haupo. Zipo protini zinazoamshana moja baada ya nyingine, na kitenzi cha jambo hilo tunacho siku zote: kupokezana. Wazee waliofanya kazi bandarini Tanga hawahitaji kufafanuliwa. Kabla bandari haijachimbwa kuongezwa kina, meli kubwa zilitia nanga ghubani, shehena ikashushwa kwenye matishari, matishari yakaileta gatini, makuli wakaipokea. Meli yenyewe haikugusa gati. Mfano wangu unakomea hapo, kwa sababu gunia lililotoka melini ndilo lile lile lililofika ghalani, ilhali ndani ya seli hakuna gunia linalohama. Kinachopokezanwa ni kule kuamshwa tu.

Tena kuamshwa huko huongezeka kadiri kunavyosonga. Adrenalini ikikishika kipokezi kimoja kwenye seli ya ini, ndani hutengenezwa molekuli nyingi za AMP saikliki, na kila moja husaidia kuamsha vimeng'enya vinavyofanya ini litoe glukosi. Ni Earl Sutherland wa Marekani aliyeigundua AMP saikliki kuwa mjumbe wa pili baada ya homoni, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Kwa hiyo, badala ya "kupitia njia ya ishara", ningeandika "kwa protini kupokezana ishara". Ni ndefu kidogo, lakini hakuna atakayetafuta mrija.

Kuhusu kipokezi na kipokeo, nakuunga mkono wewe. Kiambishi -zi humtaja mtendaji, kama katika mlezi na mwokozi, na kitu hiki kinatenda kweli. Kipokeo malenga wameshalichukua kwa kiitikio cha shairi. Yaishe.

"Kuwasiliana" ni sahihi ukizungumzia seli kwa jumla, maana kila seli hutuma na kupokea. Ukishuka kwenye tukio moja, ile -ana inadai pande mbili zifikiane, na msuli haupeleki jibu kwa kongosho kila mara insulini inapobisha. Sema "kongosho huiarifu misuli". Mimi "huiamuru" silipendi, kwa sababu amri haikataliwi kirahisi, na tabu ya wagonjwa wako wengi ni kwamba ujumbe unafika na seli haziuitikii ipasavyo.

Bango lako basi lisomeke: "Insulini hushikana na kipokezi kilicho nje ya seli; ndani, protini hupokezana ishara mpaka vibebaji vitokeze kwenye utando na kupitisha sukari."

Hukuliuliza hili, ila najua litafuata kwenye bango: "usugu wa insulini". Likisomwa haraka, insulini ndiyo inayoonekana sugu, kama tunavyosema usugu wa vimelea. Katika kisukari cha aina ya pili sugu ni seli. Andika "seli zimekuwa sugu kwa insulini", na neno "seli" lisikosekane hata kama nafasi ni finyu.